Chupa ya kwanza ya mtoto haitoki baa, inatoka nyumbani. Tuzibe wapi kwanza?

#1 Kisima cha Kata

Wakuu, salaam.

Kila kikao cha mtaa kinapojadili watoto wanaokunywa, jibu ni lile lile: grosari zifungwe mapema, mgambo wapite usiku. Baada ya wiki mbili mgambo wamechoka na watoto bado wanakunywa. Hoja yangu ni kwamba tunaanzia mwisho wa safari. Mtoto wa miaka 12 au 13 hana ubavu wa kukaa kaunta. Anayemkabidhi chupa ni mtu anayemjua: baba anayemtuma dukani, mjomba kwenye sherehe, jirani anayepika pombe uani.

Tazameni chupa moja tu. Saa 12 jioni mtoto anapewa noti: "Kaniletee mbili za baridi, chenji urudishe." Muuzaji anamjua ni mtoto wa nani, kwa hiyo hamuulizi kitu. Anamfungia chupa kwenye gazeti, mtoto anarudi nazo kifuani kama mkate. Akifanya hivyo mwaka mzima ameshajua duka gani linatoa, bei ni ngapi, na kwamba hakuna mtu mzima hata mmoja njiani anayeshtuka. Siku akienda na hela yake mwenyewe, muuzaji atamtofautishaje na jana alipotumwa?

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nani aliuza?", tuulize "nani alimkabidhi?" Nawasilisha.

#2 Mizani

Kwenye kutumwa nakubaliana nawe mia kwa mia, ila mzizi wenyewe ni bei na ujazo. Mtoto hana elfu tano, ana mia tano. Pombe ikiuzwa kwa kipimo cha mia tano, mtoto ni mteja hata baba yake asipomtuma kamwe. Ndiyo maana viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilimaliza vijana hadi vikapigwa marufuku 2016.

Kilichobaki ni kupimiwa. Muuzaji anafungua chupa kubwa ya pombe kali na kuuza kwa kikombe cha kahawa au kwa kifuniko. Na ile chupa ndogo ya mililita 200 inayokaa vizuri mfuko wa nyuma wa suruali ya shule, yenye kilevi asilimia 35, ni gramu 70 za kilevi mfukoni.

#3 Wakili wa Kitongoji

Mkuu #2, marekebisho ya mwaka. Marufuku ya viroba Tanzania ilianza 1 Machi 2017, baada ya Waziri Mkuu Majaliwa kuitangaza Februari mwaka huo. Na kanuni zake zilitungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, kwa kuwa kilicholengwa ni kifungashio cha plastiki. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kilichopigwa marufuku ni mfuko, si dozi ndogo. Anayemimina kwenye kikombe cha kahawa hagusi kanuni ya viroba hata chembe.

Kinachomgusa ni Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009. Humo mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na ni kosa kwa mwenye baa au disko kumruhusu aingie, na kwa mwenye duka kumuuzia kilevi au sigara. Sheria ipo miaka yote hiyo. Kinachokosekana ni mtu wa kuisoma kwa sauti mbele ya kaunta.

#4 Nesi Zamu ya Usiku

Na mimi namrekebisha #2 kwenye gramu. Mililita 200 mara asilimia 35 ni mililita 70 za kilevi, si gramu. Kilevi ni chepesi kuliko maji, unazidisha kwa 0.789. Unapata gramu 55. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ni karibu gramu 20. Kwa hiyo kile kichupa ni sawa na bia tatu kasoro kidogo, na kinamalizwa nyuma ya choo cha shule kwa dakika tano.

Sasa lipeleke hilo kwenye mwili wa mtoto. Kiroba cha mililita 100 cha asilimia 35 kilikuwa na gramu 27.6. Mtoto wa kilo 40 akikinywa chote, gawanya kwa kilo zake mara 0.6 (sehemu ya mwili ambamo kilevi husambaa), yaani 24. Unapata gramu 1.15 kwa lita ya damu, kwa makadirio. Kikomo cha dereva ni 0.8. Mtoto wa darasa la saba, kiroba kimoja, tayari kavuka kikomo cha mtu mzima anayeshika usukani. Ndiyo maana siungi mkono wanaosema "alionja tu".

#5 Jembe Halilali

Madini. Asante #4, hesabu hiyo naibandika ofisi ya kijiji.

#6 Mianzi

Wote mnazungumza kama pombe ni ya dukani tu. Njooni Iringa na Njombe msimu wa mvua muone duka liko wapi. Ulanzi, pombe yetu, unatoka kwenye mwanzi. Chipukizi linakatwa ncha, inafungwa mbeta, yaani chombo cha kukingia utomvu, mgema anapita asubuhi na jioni kukata tena kipande chembamba ili utomvu usikauke. Unaotoka asubuhi ni mtogwa, mtamu kama maji ya sukari, na mtoto kupewa kikombe ni jambo la kawaida kabisa, hakuna anayeona kosa.

Shida ni saa. Utomvu unaanza kuchachuka ukiwa bado ndani ya mbeta, kwa sababu chachu ya jana imebaki kwenye kuta zake. Mtogwa wa saa 1 asubuhi kufikia jioni si mtogwa tena. Kesho yake ni mkangafu, mkali, na uko kwenye ndoo ile ile, kona ile ile, kikombe kile kile. Mtoto hajabadili tabia. Kinywaji ndicho kimebadilika, na hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kwetu si mgambo. Tenganisheni vyombo. Wa watoto ukingwe kwenye mbeta iliyooshwa kwa maji ya moto, unywewe asubuhi hiyo hiyo, ukibaki uchemshwe au umwagwe. Ndoo ya mkangafu iwe na kifuniko na ikae juu, si sakafuni. Ni kazi ya dakika kumi. Nimeona mikutano ya siku tatu isiyotaja hata neno mbeta.

#7 Kibuyu cha Moshi

Mtani wangu wa Iringa, kumbe huwa mnawaanzishia watoto na mtogwa! Sisi huku tunawaachia togwa ya ulezi.

Lakini uliyosema yana ukweli hata kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Ndizi zinapikwa, zinakaa siku kadhaa, kisha unaingia uji wa kimea cha ulezi, na msesewe, gome chungu la mti, kwa anayependa uchungu. Siku ya kuchanganya ule uji bado mtamu, mtoto anapakuliwa. Kesho yake ni pombe. Mpaka kati ya chakula na pombe ni usiku mmoja.

#8 Mama Kimea

#7 umegusa, ila umeacha kitu ambacho wapishi wote tunakijua: machicha.

Pombe ikishachujwa, makapi yanabaki kwenye pipa au karai uani, yakisubiri nguruwe na kuku. Yana ulezi na mahindi yaliyoloweshwa na pombe, matamu kiasi, yanashibisha. Mtoto aliyetoka shule na njaa anachota kwa mkono. Haiitwi kunywa, kwa hiyo hakuna anayemkataza. Kuna watoto wadogo kabisa, miaka mitano au sita, wanaolala mchana wa saa 9 na mama anadhani ni jua.

La pili ni kuonja. Anayepika hawezi kuacha kuonja, ndivyo anavyojua imeiva. Jiko likizidi kazi anamwambia binti, "Onja uone kama imekata." Binti wa miaka 11 anaonja mara nne kwa siku ya mapishi, mara mbili kwa wiki. Hakuna sheria niliyoiona inayotaja kuonja.

Na nawaomba msituite wahalifu. Ada, sare na sabuni ya hao hao watoto inatoka kwenye pipa hilo.

#9 Mwalimu wa Saa Tisa

Heshima kwenu, lakini naona mnahesabu vyombo na kusahau muda. Mtoto anatoka shule saa 9 alasiri. Mzazi anarudi saa 1 usiku. Hapo kuna saa nne ambazo hakuna mtu mzima anayejua yuko wapi. Ziba maduka yote, saa nne hizo zitatafuta kitu kingine.

Aisilandi walilishughulikia hili hasa. Mwaka 1998 asilimia 42 ya wanafunzi wao wa miaka 15 na 16 walisema walilewa ndani ya siku 30 zilizopita. Mwaka 2016 ilikuwa asilimia 5. Hawakutegemea mihadhara ya kutisha. Kila mwaka waliwauliza watoto wenyewe kwa dodoso, wakarudisha matokeo shule kwa shule haraka, wakaweka michezo na muziki vyenye mwalimu anayelipwa, na wazazi wakatia saini makubaliano baina yao. Pia kuna saa za kuwa nje. Majira ya baridi, wa miaka 12 kushuka chini mwisho saa 2 usiku, wa 13 hadi 16 mwisho saa 4 usiku, wasipokuwa na mtu mzima.

Kwetu kinachowezekana kesho ni uwanja wa shule kubaki wazi hadi saa 12 jioni. Ugumu hauko kwenye mpira, uko kwenye ufunguo. Ukikaa kwa mwalimu mkuu tu, akisafiri uwanja umefungwa wiki nzima. Tengenezeni funguo mbili na orodha ya wazazi wawili wawili kwa siku, na mpira wa akiba, kwa sababu wa kwanza utapasuka ndani ya mwezi.

#10 Mizani

Mwalimu, Aisilandi manispaa inamlipia mtoto ada ya michezo. Sisi mzazi hajamaliza mchango wa uji. Na kuna jambo lingine: pombe kwao ni ghali na inauzwa kwenye maduka maalumu ya serikali. Huwezi kuchukua mpira ukaacha duka. Narudi kwenye bei.

#11 Mwalimu wa Saa Tisa

Duka la serikali lilikuwepo hata mwaka 1998, mkuu, na asilimia 42 walikuwa wanalewa. Kwa hiyo duka peke yake halielezi mteremko huo. Fedha nakubali ni tatizo.

#12 Mto Tana

Wadau, kutoka Kenya. Hapa tulijaribu njia ya sheria kali tangu 2010, ile ambayo watu wameizoea kwa jina la Mututho, mbunge aliyeipeleka bungeni. Baa kufunguliwa saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na sikukuu. Baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shule ya chekechea, msingi au sekondari. Pombe kali isiuzwe kwenye chupa iliyo chini ya mililita 250, na sacheti hakuna. Kumuuzia aliye chini ya miaka 18 ni kosa lenye faini na kifungo.

Yaliyofanya kazi ni mawili, mita 300 na ujazo, kwa sababu hayo mtu anaweza kuyapima kwa futi na kwa macho. Ya saa yalivunjika haraka, kwani baa ikiandika "hoteli" mlangoni inauza chakula na kilevi mchana kutwa. Na pombe ya mnazi ya huku Pwani haina mlango wa kupima. Mgema anashuka asubuhi na jioni, mangwe, yaani kilabu cha mnazi, iko chini ya mti, mtoto wake ndiye anayebeba mtungi. Yale ya #6 kuhusu mbeta ni yale yale.

Julai 2025 sera mpya ya taifa ilipendekeza umri upande kutoka 18 hadi 21. Watu wamegawanyika. Kama tunashindwa kumzuia wa miaka 14, kuongeza wa 20 kwenye orodha kunamsaidiaje huyu wa 14?

#13 Bandari Salama

Inasaidia, #12. Wa miaka 18 yuko kidato kimoja na wa 16, ndiye anayewanunulia. Ukipandisha hadi 21 unamtoa mnunuzi shuleni. Marekani walipiga marufuku nchi nzima mwaka 1984 na vifo vya vijana barabarani vikapungua.

#14 Wakili wa Kitongoji

Hoja ya mnunuzi aliye darasani ni nzuri, naichukua. Ila ile ya 1984 haikuwa marufuku ya moja kwa moja. Serikali kuu ya Marekani ilisema jimbo litakaloruhusu walio chini ya 21 kununua au kushika kilevi hadharani litakatwa asilimia 10 ya fedha za barabara. Kila jimbo likabadili sheria yake lenyewe, la mwisho mwaka 1988. Na majimbo mengi bado yanamruhusu mzazi kumpa mwanawe nyumbani. Yaani hata huko, mlango wa #1 uliachwa wazi.

Kupungua kwa vifo ni kweli, lakini kule kijana ana gari. Kwetu mwenye miaka 16 anaendesha bodaboda ya kaka yake bila leseni, na hakuna anayempima pumzi.

#15 Kisima cha Kata

Nashukuru wote. Wakili, twende kwenye sheria ndogo ya kijiji. Tunataka itaje vitenzi vitatu: kuuza, kumpa, na kumtuma. Na baada ya #8 naona cha nne, kumwonjesha. Hatua zikoje?

#16 Wakili wa Kitongoji

Nguvu ya kutunga inatoka kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Na. 7 ya 1982. Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayoandaa rasimu. Rasimu inapelekwa Mkutano Mkuu wa Kijiji, watu wote wa miaka 18 na kuendelea, wanaijadili kifungu kwa kifungu. Andikeni muhtasari wenye mahudhurio na saini, maana bila mahudhurio inarudishwa. Kisha inapita kata na kwenda Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Kabla ya idhini hiyo, faini yoyote mnayotoza ni batili, na mtu akienda mahakamani anashinda.

Zinapokwama ni hapa. Kwanza, faini. Mkiandika faini isiyolipika, mtendaji ataona huruma na hatatoza hata mara moja, na sheria itakufa kwa huruma. Wekeni kiasi ambacho mpika pombe anaweza kulipa na kikamuuma. Pili, risiti. Fedha ikipokelewa mkononi bila risiti ya halmashauri, ndani ya miezi mitatu mgambo watakuwa wanakusanya mchango wao binafsi na wauzaji watajua bei ya kupita. Tatu, ushahidi wa "kumtuma". Muuzaji atasema mtoto katumwa, baba atasema hakumtuma. Dawa ni kuandika kuwa muuzaji ana kosa hata kama mtoto ametumwa. Hapo hakuna haja ya kumtafuta baba.

Kumwonjesha sikushauri. Hutathibitisha kamwe kilichotokea jikoni kwa mtu.

#17 Mama Kimea

Asante kwa la mwisho. Lakini Wakili, kisichothibitishika bado kinamuumiza mtoto. Kama hakiwezi kuwa sheria, kiwe neno la kliniki. Mama anapoleta mtoto kupimwa uzito, nesi aulize tu: "Nyumbani mnapika? Machicha yanakaa wapi?"

#18 Kaunta ya Kona

Mnawasema wauzaji sana, basi na upande wa kaunta usikike kwa utaratibu.

Kumkagua mteja kunachukua sekunde kumi ukijua pa kuangalia. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Ikianza na 2010 huna haja ya kupiga hesabu ndefu. Tatizo ni kwamba wengi wana namba tu kwenye simu, hawana kadi, na namba haina sura. Kijana anaonyesha ya kaka yake. Kwa hiyo kadi yenye picha au hakuna mauzo. Andika kwenye kipande cha boksi kaunta tarehe ya leo ukipunguza miaka 18, mhudumu alinganishe tu. Aliyechoka saa 4 usiku hapigi hesabu, analinganisha.

Panapovujia ni kwa wahudumu, kwani wanabadilika kila mwezi. Na ni kwa mteja mtu mzima anayenunua tatu na kumpa kijana moja pale nje ya mlango. Hilo kaunta halioni.

#19 Nusu Saa

#18 umesema vizuri, naongeza upande wa ukaguzi. Msimtumie mtoto kama chambo, ni hatari na inaweza kuwa kosa. Tumieni vijana wa miaka 18 au 19 wenye sura changa, wenye kitambulisho chao halali. Swali linalopimwa ni moja: ameulizwa umri? Akiulizwa, duka limefaulu. Asipoulizwa, duka limefeli, hata kama kisheria halijakosea.

Timu moja ni watu watatu, kijana na watu wazima wawili waliokaa mbali kidogo. Andikeni saa, aina ya kinywaji, aliyehudumu ni mwenye duka au mhudumu. Maduka yote ya mtaa yamalizwe jioni moja. Mkigawa kwa siku mbili mmeharibu, wauzaji wanapigiana simu na nusu saa baadaye kila kaunta inauliza vitambulisho. Aliyefeli aambiwe kesho yake kwa maandishi, bila faini mara ya kwanza. Mrudi kati ya wiki nne na sita, na siyo siku ile ile ya wiki. Anayefeli mara ya tatu, orodha yake iende kwa mtendaji kabla leseni ya vileo haijahuishwa. Muuzaji haogopi mgambo kama anavyoogopa leseni.

#20 Bandari Salama

Kijijini kwa Mama Kimea leseni iko wapi?

#21 Nusu Saa

Hapo njia yangu haifiki, nakiri. Inafaa mji na vituo vya biashara.

#22 Kibuyu cha Moshi

Tusisahau sherehe. Kipaimara, ubarikio, mahafali. Sherehe yenyewe ni ya mtoto wa miaka 14, na kreti za bia zimepangwa nyuma ya meza yake. Kamati ya vinywaji inagawa bia mbili mbili kwa kila meza bila kuangalia waliokaa. Saa 3 usiku wakubwa wamesimama kucheza, meza zimebaki na chupa nusu nusu, na watoto ndio wanaotumwa kukusanya. Mabaki yanaishia nyuma ya turubai.

Kinachosaidia ni kamati kukaa kabla. Vinywaji vikubwa vitoke sehemu moja kwa kuponi, kuponi ziambatane na kadi ya mwaliko ya mtu mzima tu. Soda na maji viwe meza nyingine, mbali, siyo kwenye beseni moja la barafu. Kukusanya chupa ifanye timu ya chakula. Na MC aseme mara moja tu, mapema, kabla muziki haujapanda. Mwenye sherehe ataona aibu kuonekana mchoyo. Kamati imbebee aibu hiyo, ndiyo kazi yake.

#23 Mizani

Na kinywaji cha kuongeza nguvu je? Vijana wanamimina pombe kali humo, rangi inafanana, harufu inafichika. Kafeini inawafanya wajione wazima huku kilevi kiko pale pale, basi wanaongeza. Mwalimu akiona kopo haoni kosa.

Halafu ligi zetu. Bingwa anapewa mbuzi na kreti, timu ina wachezaji wa miaka 15. Mwalimu wa Saa Tisa, uwanja wako huo huo ndio unaotoa kreti.

#24 Mwalimu wa Saa Tisa

Umenishika, na ni kweli. Zawadi iwe jezi na mipira. Mdhamini akikataa, ligi ichezwe bila mdhamini.

#25 Nesi Zamu ya Usiku

Kabla uzi haujaenda mbali, hili kila mtu alijue, maana watoto wanakufa kwa kuachwa "walale iishe".

Mtoto aliyelewa hadi haamki ukimwita na kumtikisa ni mgonjwa wa dharura. Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe, kidevu kiinuliwe kidogo ili matapishi yatoke nje. Usimlaze chali, usimwache peke yake. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikiwa chini ya nane, au kukiwa na kimya cha sekunde kumi kati ya pumzi na pumzi, usisubiri asubuhi. Mfunike, kwa sababu kilevi kinapoteza joto la mwili. Usimwagie maji baridi, usimpe kahawa, usimlazimishe kutapika, usimnyweshe maziwa akiwa hajitambui, yataingia mapafuni.

Kwa watoto kuna hatari ambayo kwa watu wazima ni nadra zaidi: sukari inashuka. Ini likishughulika na kilevi haliachii sukari, na mtoto hana akiba kubwa, hasa kama hajala. Anaweza kupata degedege. Mkifika kituo cha afya semeni wazi alikunywa nini na saa ngapi, muombe sukari ipimwe. Kama ilikuwa gongo au pombe isiyojulikana, na baada ya saa kadhaa hadi siku nzima analalamika haoni vizuri au anaona ukungu mweupe, hiyo inaweza kuwa methanoli, aina ya kilevi chenye sumu, ni hospitali mara moja. Chukueni na chupa.

Na msimfiche kwa kuogopa viboko vya shule. Wengi hufikishwa wamechelewa kwa sababu hiyo hiyo.

#26 Jembe Halilali

Hili la viboko. Shule nyingi zinamsimamisha mtoto wiki mbili. Wiki mbili nyumbani, karibu na pipa. Mnaona hesabu hiyo?

#27 Wakili wa Kitongoji

Sahihi. Sheria inamtia hatiani aliyeuza, mtoto ni wa kulindwa. Apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, au dawati la jinsia na watoto la polisi, au pigeni 116, ni bure. Ila kesi zikianza, nani atatoa ushahidi dhidi ya jirani yake anayemkopesha chumvi?

#28 Mto Tana

Huku kwetu ni 116 hiyo hiyo kwa watoto, na 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kwa ushauri wa ulevi. Swali la ushahidi halijajibiwa hata huku.

#29 Kisima cha Kata

Bado nasimama na "kumtuma", ila machicha na mbeta sikuwa nimeviweka kwenye rasimu. Mama Kimea, tukisema pipa lifunikwe, si yataoza nguruwe wakatae?

#30 Mama Kimea

Hayaozi usiku mmoja. Chuja, kamua kwa nguvu kwenye gunia la katani hadi yaache kuchuruzika, tandaza juu ya bati siku yenye jua. Kilevi kinapungua kwa kukauka, na nguruwe wanayapenda zaidi yakichanganywa na pumba. Siku ya mvua, pipa lenye kifuniko na jiwe juu, na nguruwe walishwe kabla ya watoto kurudi shule. Jiwe liwe zito kuliko mtoto wa miaka sita anavyoweza kusukuma. Kifuniko cha nailoni na kamba hakifai, wanakifungua kwa meno.